Baphuon: kilima cha mchanga kilichovishwa mawe

Mtu akiambiwa kuna hekalu la mawe lenye kimo cha mita 34, sawa na ghorofa kumi hivi, hudhani ni mawe mpaka ndani. Baphuon si hivyo. Ndani ni mchanga. Mafundi wa Kikhmer wa karne ya 11 walirundika mchanga, wakaushindilia, wakauzungushia ukuta wa mawe mekundu, kisha nje wakavalisha mawe ya kijivu yaliyochongwa nakshi. Ukiliangalia kwa mbali ni jabali. Ukilitoboa linamwagika.

Nimeanza na mchanga kwa sababu karibu kila jambo linalowachanganya watu kuhusu hekalu hili linarudi hapo. Kwa nini lilikuwa likiporomoka? Kwa nini Wafaransa walilifumua jiwe baada ya jiwe huku wakisema wanaliokoa? Kwa nini hekalu lililojengwa kwa ajili ya Shiva, mungu wa Kihindu, lina Buddha mkubwa aliyelala ubavuni mwake? Na kwa nini kileleni hakuna mnara, wakati aliyeliona zamani alisema mnara wake ulikuwa mrefu wa kustaajabisha?

Liko ndani ya Angkor Thom, jiji la kale la Wakhmer, karibu na mji wa leo wa Siem Reap huko Kamboja. Kutoka Bayon, hekalu lile lenye minara ya nyuso zinazotabasamu, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kaskazini yake kuna ukuta wa ikulu ya kale. Wageni wengi hulipita wakikimbilia picha za Bayon, na wengine huliona kama kibanda cha uani tu cha Bayon. Mambo ni kinyume. Baphuon ni kongwe kuliko Bayon kwa zaidi ya karne moja, na ni kongwe hata kuliko kuta za jiji zinazolizunguka, maana kuta hizo zilijengwa na Jayavarman VII mwishoni mwa karne ya 12. Jiji lilikuja kulikuta hekalu limekwisha kuzeeka.

Mlima wa mfalme

Wataalamu huliita jengo la aina hii hekalu-mlima. Katika imani ya Kihindu, katikati ya ulimwengu pamesimama mlima Meru, makao ya miungu. (Msomaji wa Arusha asishtuke, majina yamefanana tu.) Mfalme wa Kikhmer aliyetaka kuonyesha kwamba enzi yake imekaa imara alijijengea Meru yake katika mji mkuu, na kileleni akasimamisha linga, nguzo fupi inayomwakilisha Shiva. Aliyemfuata, akiwa na nguvu za kutosha, alijenga ya kwake. Ndiyo maana bonde la Angkor, ambalo ni tambarare, lina msururu wa milima ya kutengenezwa: Bakong ya mwaka 881, Pre Rup ya 961, Ta Keo ya miaka ya mwanzo ya 1000, kisha Baphuon. Baada ya hapo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, ndipo ikaja Angkor Wat.

Jengo lenyewe halina jiwe la uzinduzi linalosema lilijengwa na fulani mwaka fulani. Kwa muda mrefu wasomi walimpa sifa hiyo Udayadityavarman II, aliyetawala kati ya 1050 na 1066. Hoja yao kubwa ilitoka kwenye maandishi ya kale yajulikanayo kwa jina la Lovek. Humo mnasemwa kwamba mfalme, kwa kuona katikati ya dunia pana mlima wa dhahabu wa miungu, alijenga mlima wa dhahabu katikati ya mji wake, na juu yake, ndani ya hekalu la dhahabu, akaweka linga la Shiva la dhahabu. Jina Baphuon halimo. Lakini mlima mkubwa wa zama hizo uliokuwa katikati ya mji ni huu, kwa hiyo wasomi wakaunganisha. Tutaona mbele kwamba muunganisho huo umekuja kutikiswa na kipande cha chuma.

Udayadityavarman hakutawala kwa raha. Maasi yalimwandama, na jemadari wake Sangrama ndiye aliyezunguka nchi kuyazima. Hata hivyo zama hizo hazikuwa za unyonge. Ni katika karne hiyo hiyo ndipo lilipochimbwa Baray ya Magharibi, bwawa lenye urefu wa karibu kilomita 8 na upana wa zaidi ya kilomita 2, ambalo mpaka leo lina maji. Katikati yake kuna kisiwa chenye hekalu dogo, na hapo mwaka 1936 ilipatikana sehemu ya sanamu kubwa ya shaba ya Vishnu, mungu mwingine wa Kihindu, amejilaza. Watu walioweza kusogeza udongo kiasi hicho hawakuona shida kurundika kilima cha mchanga.

Jengo kwa karibu

Unaingia kutoka mashariki, kama ilivyo kwa mahekalu mengi ya Wakhmer. Mbele yako kuna njia ya mawe yenye urefu wa karibu mita 200, na haijalazwa chini. Imebebwa na safu tatu za nguzo fupi za mviringo, hivyo wakati wa mvua, eneo likijaa maji, mtu anatembea juu ya maji huku mlima ukimkabili. Kitako cha hekalu kina takriban mita 120 kutoka mashariki hadi magharibi na mita 100 kutoka kaskazini hadi kusini. Kinapanda kwa vidato vitatu vikubwa, kila kimoja kidogo kuliko cha chini yake, na kila kimoja kimezungukwa na ushoroba wa mawe wenye malango kwenye pande nne. Ngazi ni za mwinuko mkali. Nadhani hiyo ilikusudiwa, kwa sababu hakuna apandaye kwa miungu huku mikono iko mfukoni.

Mawe ni ya aina mbili. Lile la ndani, lekundu lenye vitobo, ni lateriti, jamaa wa moramu tunayomwaga barabarani. Likiwa ardhini ni laini na hukatwa vizuri. Likishapigwa na hewa linakuwa gumu. Jiwe la nje ni jiwe-mchanga, linalopokea nakshi kama mbao. Hilo lilitoka kwenye machimbo ya chini ya milima ya Kulen, takriban kilomita 40 kaskazini-mashariki, na njia ya maji ndiyo iliyobeba mzigo huo. Kwenye mawe mengi ya Angkor utaona vitundu vya mviringo, kama vya kuwekea vigingi. Humo zilipigwa pini za mti, kamba zikafungwa, jiwe likanyanyuliwa. Kisha lilisuguliwa juu ya jiwe la chini yake, mbele na nyuma, mpaka nyuso mbili zikashikana pasipo na upenyo. Hakuna saruji wala chokaa katikati.

Msomaji ashike hapo, kwa sababu ndiyo itakayomtesa mtu mwingine miaka mia tisa baadaye: jiwe lililosuguliwa hivyo linaingia mahali pamoja tu. Matofali yakichanganyika unajenga upya kwa matofali yoyote. Mawe ya Baphuon yakichanganyika, kila moja bado linadai nafasi yake.

Paa za zile shoroba zina somo lake. Wakhmer hawakutumia tao la kweli, lile ambalo mawe yake yanabanana na kubebana mpaka jiwe la katikati. Wao walisogeza kila safu mbele kidogo kuliko ya chini yake, kutoka kuta mbili zinazotazamana, hadi safu zikakutana juu. Paa la namna hiyo haliwezi kuwa pana, na likisogezwa kitako chake hata kidogo, linafunguka. Ndiyo maana shoroba za Baphuon ni nyembamba mno kwa jengo la ukubwa huu. Zilikuwa miongoni mwa shoroba za mwanzo Angkor kuezekwa kwa mawe matupu badala ya matofali au mbao, na hapo ndipo ninapoona ujasiri wa fundi na kosa lake kwa pamoja: alichukua tani nyingi za mawe akaziweka ukingoni mwa kila kidato, yaani mahali ambapo mchanga wa ndani tayari unasukuma kwenda nje.

Fundi huyo hakuwa na imani kamili na jiwe. Ukichungulia migongo ya baadhi ya mawe ya kulaza, yale yanayotoka nguzo hadi nguzo, unakuta yamechimbwa mfereji. Ndani ya mfereji huo palilazwa boriti ya mti ili isaidie kubeba. Wazo hilo lilifaa kwa muda. Mti ukaoza na mchwa wakala, na jiwe lililochimbwa mgongo likabaki peke yake na mzigo wote, likapasuka. Anayeishi kwenye nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, chini ya dari ya boriti, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu nakshi ningeweza kukaa siku nzima. Kwenye malango ya kidato cha pili kuna vipande vidogo vya michongo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama kurasa za kitabu cha picha. Kila kipande kina tukio moja na watu wawili watatu. Humo mna visa vya tenzi za kale za Kihindi: Rama na nyani wake, nyani Hanuman akiwa mbele ya Sita, mke wa Rama aliyetekwa, visa vya Krishna, mapigano ya Mahabharata, halafu ghafla wanyama na wawindaji ambao hawamo katika utenzi wowote, kana kwamba mchongaji alipata nafasi tupu akaijaza kwa alichokiona asubuhi ile njiani. Angkor Wat, iliyokuja miongo kadhaa baadaye, ilichukua visa hivyo hivyo ikavitandaza kwenye kuta ndefu, majeshi kwa majeshi, na dunia nzima inaisifu. Mimi napenda zaidi hivi vidogo vya Baphuon. Havimtishi mtu. Sanamu za zama hizi nazo zina wembamba wa aina yake, wanawake wa viuno vyembamba na mikunjo ya nguo iliyochorwa kama kwa sindano, kiasi kwamba wanahistoria wa sanaa wamelifanya jina la Baphuon kuwa jina la mtindo mzima.

Mnara wa Shaba

Mwaka 1296 ulifika Angkor ujumbe kutoka China ya utawala wa Yuan. Miongoni mwa waliofika alikuwamo Zhou Daguan, aliyekaa karibu mwaka mmoja na aliporudi kwao akaandika alichokiona. Anasema katikati ya jiji kuna mnara wa dhahabu, ambao tunajua ni Bayon. Kiasi cha li moja kaskazini yake, yaani takriban nusu kilomita, kuna mnara wa shaba mrefu kuliko ule wa dhahabu, wa kustaajabisha kuutazama, na chini yake kuna vyumba vya mawe. Huo ni Baphuon.

Maelezo hayo mafupi yana thamani kubwa. Yanatuambia kwamba zaidi ya miaka mia mbili baada ya kujengwa, hekalu bado lilikuwa wima na mnara wake ukionekana kwa mbali. Ukiongeza mnara huo, makadirio ya kimo chote hufika karibu mita 50. Neno shaba nalo linaashiria kwamba mnara ulifunikwa kwa madini, ama uling'aa kama uliofunikwa. Kilichofunika hakipo tena, na mnara wenyewe haupo.

Mchanga ukaanza kudai

Kamboja ina msimu mmoja mkubwa wa mvua, kuanzia Mei hadi Oktoba, na mvua zake si za kunyunyiza. Paa zikiwa nzima, maji hutiririka nje. Paa zikipata ufa, maji huingia katikati ya kilima. Mchanga mkavu ni mtulivu; ukiushindilia vizuri unabeba nyumba. Mchanga ulioloa ni mzito zaidi, na maji yaliyokwama ndani yake husukuma kila upande. Ukuta wa lateriti ukasukumwa, mawe ya nje yakasukumwa na lateriti, viungo visivyo na chokaa vikafunguka. Kupitia vijia hivyo mchanga ukaanza kutoka, kidogo kidogo, kama unga kwenye gunia lililotoboka. Palipotoka mchanga pakabaki shimo, na ushoroba uliokaa juu ya shimo ukatitia. Paa likafunguka zaidi, maji yakaingia zaidi. Kila masika yaliongeza pale yalipoishia yaliyopita.

Ikumbukwe hekalu kongwe zaidi, mathalani Bakong, nalo lina udongo tumboni. Lakini Bakong ni pana na limelala. Baphuon lilijaribu kuwa refu, lenye mwinuko mkali, na lenye shoroba za mawe kila kidato, yote kwa pamoja.

Wakati huo huo nchi ilikuwa inabadili dini. Kufikia mwisho wa karne ya 13, Ubuddha wa Theravada ulikuwa umeenea kwa watu wa kawaida, na mahekalu ya Shiva na Vishnu yakaanza kupokea sanamu za Buddha. Katika karne ya 15 ufalme ulishambuliwa na Ayutthaya, dola ya Siam (Thailand ya leo), na makao ya wafalme yakahamia kusini. Angkor haikufa kama hadithi za watalii zinavyopenda kusema. Watawa na waumini waliendelea kuwapo. Na ni katika kipindi hicho, kati ya karne ya 15 na ya 16, ndipo mtu fulani alipoamua kuugeuza ubavu wa magharibi wa Baphuon kuwa Buddha anayelala, mwenye urefu wa karibu mita 70 na kimo cha karibu mita 9.

Kwa nini magharibi? Buddha katika saa yake ya mwisho, kwa mapokeo, alilala kwa ubavu wa kulia, kichwa kaskazini, uso ukitazama magharibi. Simama nyuma ya Baphuon ukilitazama: kichwa kiko kushoto kwako, yaani kaskazini, na uso unakutazama wewe uliye magharibi. Hakuna upande mwingine wa hekalu ambao ungefaa. Usitegemee kumwona mara moja. Hakuchongwa kwenye jiwe moja; amepangwa kwa maelfu ya mawe kama ukuta, na kazi yake haikukamilika. Ukisogea karibu sana unaona ukuta uliojaa mabonde na vifungu. Rudi nyuma hatua nyingi, ndipo paji, pua na mdomo vinajikusanya.

Mawe ya kumjenga Buddha huyo yalitoka juu, kwenye mnara. Wengine huliita tendo hilo uharibifu. Mimi siwezi kuwalaumu wajenzi hao moja kwa moja. Huenda mnara ulikuwa umekwisha kuyumba, na kuupunguzia mlima mgonjwa mzigo kichwani hakikuwa kitendo cha kijinga. Lakini waliuondoa mzigo kileleni wakauegemeza ubavuni, na ubavu nao ulikuwa umeegemea mchanga.

Wakhmer wenyewe wana simulizi kuhusu jina la mahali hapa. Husemwa kwamba mfalme wa Siam na mfalme wa Khmer walikuwa ndugu, wakaja kugombana, mtoto wa mmoja akauawa, na vita ilipofika mlangoni malkia wa Khmer alimficha mwanawe ndani ya hekalu hili. Baphuon, kwa tafsiri hiyo, ni mahali alipofichwa mtoto.

Kulibomoa ili lisimame

Wafaransa, waliotawala eneo hilo, walianza kulisafisha hekalu mwaka 1908 chini ya Jean Commaille, mhifadhi wa kwanza wa Angkor, kupitia taasisi yao ya École française d'Extrême-Orient. Kusafisha kulimaanisha kuondoa miti na vifusi. Hakukutibu mchanga, na pengine kulizidisha, kwa kuwa mizizi iliyopasua mawe ndiyo hiyo hiyo iliyoyashika. Sehemu ziliendelea kuanguka.

Mwaka 1960 Bernard-Philippe Groslier alikata shauri. Kubandika kiraka juu ya mchanga ni kupoteza muda, kwa hiyo hekalu livuliwe nguo zote: kila jiwe liondolewe, lipewe namba, nafasi yake iandikwe kwenye michoro, lilazwe msituni. Kisha ndani ujengwe ukuta wa zege wa kuuzuia mchanga na maji yapewe njia ya kutokea, halafu mawe yarudishwe mahali pake kama ngozi tu, bila mzigo wa kuzuia kilima. Mbinu ya kufumua na kuunga hivi, Wafaransa waliichukua kwa Waholanzi waliokuwa wakiitumia Java, na katika miaka ya 1930 ilikuwa imeleta sifa kwenye hekalu dogo la Banteay Srei. Tofauti ni kwamba Banteay Srei ni kama kasha la vito. Baphuon lilikuwa na mawe takriban 300,000, mengi yakiwa na uzito wa mamia ya kilo.

Kwa miaka kumi mawe yalikuwa yakishuka na kutandazwa chini ya miti, kwenye eneo la karibu hekta 10. Mwaka 1970 vita ikaifikia Angkor. Kwa muda wafanyakazi waliendelea kuvuka mistari ya mapigano kwenda kazini, mpaka mwanzoni mwa 1972 ilipokuwa haiwezekani tena. Mwaka 1975 Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti, waliingia Phnom Penh, mji mkuu, na nyaraka za taasisi zilizokuwa huko zikaharibiwa. Ndizo zilizokuwa zikisema namba fulani ni jiwe la wapi.

Msituni yakabaki mawe laki tatu, yenye namba zinazofifia, ambazo hazikuwa na maana tena. Nyasi ziliota juu yake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Chemshabongo isiyo na picha

Angkor iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1992, na mwaka 1995 kazi ya Baphuon ikaanza tena chini ya msanifu majengo Pascal Royère. Yeye mwenyewe aliilinganisha na chemshabongo ya vipande laki tatu ambayo picha ya kuongozea imepotea. Kilichookoka kilikuwa picha za zamani, kama elfu moja hivi, zilizokuwa zimehifadhiwa Paris, pamoja na ujuzi wa Jacques Dumarçay, msanifu aliyekuwa amelifanyia kazi hekalu kabla ya vita.

Unaanzaje? Chukua jiwe moja la nje. Upande wake unaoonekana una ukingo uliochongwa: kijimstari, kijibonde, kijiduara. Kingo za Baphuon hazifanani kutoka safu hadi safu. Kila safu ya kila kidato ina umbo lake na kimo chake. Kwa hiyo ukipima umbo la ukingo, unajua jiwe ni la safu ipi. Umepunguza laki tatu kuwa mamia. Kisha unatazama nakshi: ua linaloanzia hapa lazima liishie kwa jirani. Unatazama upana, mteremko wa uso uliosuguliwa, alama za vibanio. Mwisho unalinyanyua na kulijaribu. Likikaa, limekaa, lisipokaa hata kwa kidole kimoja, si lake. Ule usuguaji wa karne ya 11 uliowatesa wataalamu ndio pia uliowahakikishia kwamba hawajakosea.

Lakini ulikuwapo mzozo ambao kipimo hakiumalizi. Unaporudisha jengo katika hali yake, ni hali ipi? Ya mwaka 1060 au ya mwaka 1560? Upande wa magharibi haungeweza kuwa wa Shiva na wa Buddha kwa pamoja. Kumwondoa Buddha ili kupata kidato cha karne ya 11, katika nchi ambayo karibu watu wake wote ni Wabuddha, halikuwa jambo la kitaalamu peke yake. Buddha alibaki, akaimarishwa pale alipolala. Pande nyingine tatu zikarudi kwenye mlima wa kale. Ukilizunguka leo, unatembea kutoka karne moja hadi nyingine kwa kukunja kona.

Tarehe 3 Julai 2011 Mfalme Norodom Sihamoni na waziri mkuu wa Ufaransa François Fillon walilizindua. Kazi ya awamu hiyo ilichukua miaka 16 na kugharimu takriban yuro milioni 10. Tangu Groslier alipong'oa mawe ya mwanzo ilikuwa imepita nusu karne.

Mkaa ndani ya chuma

Kule kufumua kila kitu kulileta faida ambayo hakuna aliyeipanga. Katikati ya mawe vilipatikana vibanio vya chuma, vilivyolazwa kwenye vifereji ili kushikanisha jiwe na jirani yake. Chuma cha kale kilifuliwa kwa mkaa, na sehemu ya kaboni ya mkaa huo hubaki ndani ya chuma. Kaboni hiyo ilitoka kwenye mti, na umri wa kaboni ya mti hupimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifanya hivyo kwa vibanio vya Baphuon, na majibu yakaelekeza ujenzi kwenye nusu ya kwanza ya karne ya 11, zama za Suryavarman I, miongo kadhaa kabla ya yule aliyekuwa akisifiwa. Vibanio vya upande wa Buddha vilitoa umri wa karne kadhaa baadaye.

Je, Lovek ilidanganya? Sioni haja ya kufika huko. Mlima wa namna hii haujengwi kwa misimu miwili, na mrithi anayeweka linga la dhahabu juu ya kazi aliyoikuta hawezi kukosa mshairi wa kumwandikia kwamba mlima wote ni wake.

Siku hizi ngazi zimewekewa vidaraja vya mbao, na mgeni anaweza kupanda mpaka kidato cha juu. Shoroba zipo, malango yapo, Bayon linaonekana kule kusini-mashariki juu ya miti. Lakini mnara alioustaajabia Zhou Daguan hutauona hapo juu. Inabidi ushuke, uzunguke nyuma, upande wa magharibi. Ndio huo umelala, kichwa kaskazini.